Mwami Aliyekataza Mwaka Kuisha

Katika Muyinga nzima, mtu wa kwanza kuelewa siri ya ile filamu ya mwami, mfalme wetu wa kale, ni mimi. Nasema hivyo bila haya, na anayetaka kubisha aje tubishane nikiwa nimekaa, maana magoti yangu hayana habari na ubishi wa kusimama. Filamu yenyewe sikuiona. Niliona kisigino cha mwami, nusu ya ngoma, na kidole gumba cha Shafii, kwenye telefone yenye ufa uliopita katikati kama mto Ruvubu. Lakini kuelewa, nilielewa.

Mi naitwa Mwajuma. Sokoni wananiita Bibi Tangawizi kwa sababu chai yangu inawasha, na wenye chuki wanasema mdomo pia. Nilisoma mpaka la tano. La sita lilikuwa mbali na mchumba alikuwa karibu. Jiko langu liko chini ya hangari ya soko, upande wa washonaji. Ukinitafuta usiulize mtu, inua macho tu. Hangari yote imeezekwa mabati ya bulu, bulu ile ya kuumiza macho, ila kuna sehemu moja mbingu iko wazi. Chini ya hapo niko mimi, ndoo yangu, na benchi la wateja waliozoea kukwepa matone.

Hilo tundu nilieleze mapema, maana ndilo lilitaka kunifukuza. Houssein, prezida wa komite ya soko, tulimchagua kwa kuinua mikono, na tukasema wazi wazi: komite hii itakaa mpaka paa liishe, paa likiisha, tunachagua nyingine. Tulidhani tumemfunga kamba. Paa likaenda mbio, mbio, mbio, lilipofika kwangu likasimama. Mabati ya mwisho, akasema, yamekwama Kobero mpakani, kwa watu wa forodha. Tukimuuliza lini yatafika, anajipapasa tumbo, anaangalia juu kama mtu anayesikiliza ndege, anajibu: "Iko njiani." Jina lake la nyuma ya mgongo likawa hilo hilo, Iko-Njiani. Kuna watoto walizaliwa mabati yakiwa njiani, sasa wanabeba mizigo sokoni.

Na wiki hii, mvua imeanza kunguruma upande wa Mwakiro, Iko-Njiani ametangaza kwamba kwa ajili ya usafi, wote wanaofanya kazi chini ya tundu wahame Jumamosi, waende nyuma ya machinjio. Wote wanaofanya kazi chini ya tundu ni mimi.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa nasaga tangawizi kwa hasira, ndipo akaingia Shafii Redio. Shafii anabadilisha pesa Kobero, na habari humfikia kabla hazijatokea.

"Amkeni! Amkeni nyote!"

"Tumeamka tangu alfajiri. We ndiye unaota ukitembea," akasema Fatouma, anayeuza ndagala upande wangu wa kulia. Samaki wake wanasikika kwa pua, yeye anasikika kwa masikio, na wote wawili wanafika mbali.

"Filamu ya mwami iko inakuja Muyinga! Ile ya Gitega! Jumamosi mchana, hapa hapa ndani ya hangari! Na Iko-Njiani amekataa!"

"Amekataa filamu ao amekataa Jumamosi?" Huyo ni fundi Mahmudu, tunamwita Sindano. Aliuliza bila kuinua macho, mguu ukiendelea kukanyaga mashine.

"Amekataa vyote. Anasema itachafua soko. Eti ndani mna ujumbe umefichwa."

"Ujumbe gani, sha?"

Shafii akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaangalia juu tunduni, asije Mungu naye akaenda kusema. Kisha akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mkaa:

"Wa kupinga udikteta."

Mashine ya Mahmudu ikasimama. Fatouma akafukuza nzi ambaye hakuwepo.

"Bibi," akasema Mahmudu, "ng'ombe wako hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Wananenepa."

Mi sina ng'ombe. Sina hata mbuzi. Lakini hiyo ndiyo desturi ya benchi letu, na soko lote linaijua: maneno yakipata moto, tunaongea ng'ombe. Nani atamkamata mtu kwa kumsifu ng'ombe? Tukisema "yule fahali mzee anakanyaga ndama," kila mtu anajua fahali ni nani, na hakuna anayeweza kuapa.

Na tulifanya vizuri, maana hapo hapo alikaa mtu tusiyemjua. Miwani nyeusi, begi la ngozi, viatu vinang'aa. Aliomba chai, akanyamaza. Mtu anayenyamaza kwenye benchi langu ni mgonjwa au ni mkubwa.

"Yule wa mabaka amezaa?" akauliza Shafii, jasho likimtoka.

"Amezaa. Pacha," nikasema.

"Maziwa?"

"Mpaka tunaoga."

"Mi wangu," akasema Fatouma, "wanaipenda sana serikali."

Mahmudu akakohoa. Tukaongea pembe, tukaongea kwato, tukaongea mikia, mpaka ng'ombe wetu wa hewani wakajaa mkoa mzima. Yule mtu akamaliza chai, akafungua begi, sote tukaacha kupumua.

"Ninyi watu wa mifugo," akasema, "ghalani kwenu hamna panya? Mi nauza dawa."

Alipoondoka Fatouma alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndagala zake.

Ndipo akatokea Josephat, anasukuma baiskeli yenye ndizi kutoka Mwakiro. Josephat alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi mtu mzima na Kiswahili kilichopigwa pasi. Hasemi "iko," anasema "ipo." Hasemi "mi," anasema "mimi," mi zote mbili, bila kumeza hata moja. Tunamwita Sanifu. Tulikuwa hatujamwona siku kadhaa, alikwenda Gitega kumtembelea binti yake Paskazia.

"Shikamoo, Bibi. Mabibi na mabwana, hamjambo?"

"Hatujambo, Radio Tanzania. Kaa. Gitega ulikuwa unakula nini, mbona umeng'aa?"

"Nilipelekwa kuona filamu," akasema, akijifuta paji la uso. "Filamu ya kihistoria. Inamhusu mwami mmoja wa kale."

Tulimvuta kutoka kwenye baiskeli kabla hajaisimamisha. Baiskeli ikaanguka, ndizi zikaanguka, hakuna aliyeinama.

"Umeiona? Kwa macho?"

"Kwa macho yangu mawili."

"Hadithia!" akasema Shafii. "Bibi, mpe chai. Mpe ya bure, mi nitakusaidia kumlaumu baadaye."

Josephat akakaa. Akanywa. Akaweka kikombe. Watu wa Kiswahili kirefu wanajua kukutesa.

"Hapo zamani za kale," akaanza.

"Zamani gani?" Fatouma akamkata. "Zamani ya babu ao zamani ya juzi?"

"Zamani ile isiyoweza kumpeleka mtu mahakamani."

"Ah, hiyo zamani nzuri. Endelea."

"Palikuwa na mwami aitwaye Ntahera. Mpiga ramli akamwambia: utatawala mpaka umuganuro ujao. Sasa ninyi mnaelewa. Bila sikukuu ya umuganuro, hakuna ruhusa ya kupanda mtama. Lazima mwami aonje kwanza, ngoma zilie, ndipo mwaka mpya uanze na watu washike majembe."

"Tunajua," akasema Mahmudu. "We ulikuwa Tanzania, sisi tulikuwa hapa."

"Mlikuwa hapa mkipanda mtama?"

"Nilikuwa hapa nikishona. Endelea."

"Basi mwami akaogopa. Akatafuta namna ya kuizuia ile sikukuu."

"Akaifuta!"

"Hapana, Shafii. Angeifuta, watu wangeelewa. Yeye alisema tu kwamba mwaka haujaisha. Mwezi wa mwisho ulipofika mwisho, akaongeza mwezi. Akaupa jina la mama yake. Nao ukaisha. Akaongeza mwingine, akaupa jina la fahali wake."

"Yewe!" Shafii akapiga paja. "Na wazee wa baraza?"

"Wazee walikuwa wakihesabu pamoja naye. Kila asubuhi anawauliza: leo ni lini? Wanainama mpaka chini, wanajibu: leo ni jana, ewe mwami."

Nilicheka mpaka tangawizi ikaniingia puani. Leo ni jana! Huyo aliyeandika hivyo nimpate nimpe maandazi mpaka afe.

"Na watu wa kawaida?" akauliza Fatouma. "Wanakula nini kwenye hiyo jana?"

"Hawali. Mvua inanyesha, mbegu wanazo mkononi, jembe lipo mlangoni, hawathubutu. Wanakwenda kumwuliza mwami: sikukuu lini? Naye anajibu kwamba ile mbegu ya kifalme, ya kufungulia mwaka, bado haijafika kutoka kwa walinzi wake. Anasema..." Josephat akanyoosha mgongo, akajipapasa tumbo, akaangalia juu kama mtu anayesikiliza ndege. "'Ipo njiani.'"

Sote tukamsogelea.

"Rudia," nikasema.

"Ipo njiani."

"Hiyo ni ya kwako ya pasi. Kwenye filamu anasemaje?"

"Filamu ni ya Kirundi, Bibi. Anasema, iri mu nzira."

"Iko njiani!" Fatouma akaruka. "Iko njiani! Na tumbo anapapasa hivyo hivyo? Si we unaongeza chumvi?"

"Siongezi hata punje. Hata mimi nilishtuka pale ukumbini. Nilitaka kuinuka nimsalimie."

"Aliyetengeneza filamu ni mtu wa wapi?" akauliza Mahmudu.

"Ni kijana wa Gitega. Nilimwuliza baada ya onyesho: umewahi kufika Muyinga? Akasema hajawahi. Akacheka peke yake."

Mtu hajafika Muyinga, amewezaje kutupeleka Muyinga yote kwenye filamu, na tumbo juu?

"Na wakubwa wa Gitega hawakukasirika?" akauliza Shafii.

"Walikaa mbele kabisa. Walifurahi. Waliona ngoma, waliona mikuki, waliona nguo za kale, wakasema huu ndio utamaduni wetu. Walio mbele walipigia nguo makofi. Sisi tulio nyuma tukapigia maneno. Ukumbi ni ule ule, makofi yale yale."

"Kumbe filamu nzima inaongea ng'ombe!" nikasema.

Wakaniangalia. Hapo ndipo nilipoelewa siri, kama nilivyosema mwanzo, na kama huamini kawaulize, ingawa kila mmoja atakuambia ni yeye aliyesema.

"Bon," akasema Shafii, "lakini dikteta mwenyewe ni nani?"

"Mama mkwe wangu," akasema Fatouma. "Alikuja kututembelea mpaka maharage yaive. Maharage yameiva, yameliwa, yamepandwa tena. Ukimwuliza, anasema yale hayakuwa yenyewe."

"Ni dikteta wa nchi ya mbali," akasema Mahmudu kwa sauti ya juu, akigeukia barabarani. "Wa huko Ulaya."

"Ulaya wanapiga ingoma?"

"Amejificha."

Shafii akatoa telefone. Alikuwa ametumiwa kipande kidogo na mtu wa Gitega. Tukabanana vichwa sita juu ya kioo kimoja, sita kwa sababu muuza mkaa naye alikuja bila kuitwa. Mwami akapita. Niliona kisigino. Kidole cha Shafii kikafunika kilichobaki.

"Simamisha!" Mahmudu akapiga kelele. "Ile impuzu! Nguo ya gamba la mti, ya mwami, imepigwa zigizagi ya mashine! Angalia pindo! Wakati huo kulikuwa na mashine?"

"Labda ulikuwa umeshazaliwa," akasema Fatouma.

"Na yule mlinzi! Mkono una alama nyeupe ya saa! Ameivua jana!"

"Jana ni leo, baba, umesahau?"

"Na hii ni nini?" Fatouma akaweka ukucha juu ya ufa. "Nyuma ya ugo wa mwami. Hii bulu."

"Ni mbingu," akasema Shafii.

"Mbingu imekunjwa kunjwa?"

"Ni ziwa."

"Ziwa limesimama wima? We Shafii, hayo ni mabati! Mwami Ntahera alikuwa na mabati ya rangi!"

Wakacheka vibaya. Muuza mkaa akasema mwami huyo alikuwa wa kisasa, labda alikuwa na kompyuta chini ya kitanda. Shafii akasema ndiyo maana alikuwa anaongeza miezi, alikuwa anaibonyeza. Mi peke yangu sikucheka. Nilikuwa namimina chai, nikamimina nje ya kikombe, juu ya kiatu cha Josephat, naye kwa adabu yake akasema asante.

Nikaangalia telefone. Nikaangalia juu. Nikaangalia telefone. Bulu ile mi naijua. Nimekaa chini yake, nimeiangalia ikinizunguka pande zote isipokuwa juu yangu. Rangi ya kitu unachokisubiri huwezi kuichanganya na nyingine.

"Sanifu, mwanangu," nikasema polepole, kama naulizia chumvi. "Hiyo nyumba ya mwami, walipigia picha wapi?"

"Nyarusange, Bibi. Milimani huko, mkoa wa Gitega. Ni kwa mtu binafsi, aliwaazima kiwanja kikawa makao ya mwami. Mwishoni maandishi yanamshukuru, ila jina lilipita haraka, na mbele yangu alikaa mama mwenye kilemba kikubwa kama kiti."

"Na sokoni hapa, nani ana shamba Nyarusange?"

Mahmudu alikuwa anachagua sindano kwa uangalifu mkubwa. Mwishowe akasema, chini chini:

"Iko-Njiani. La urithi wa mama yake. Lakini anasema hajakanyaga huko tangu mazishi. Barabara mbaya."

"Bibi," akanong'ona Shafii, "ng'ombe wako hawajambo?"

"Leo wamenenepa mno, baba. Wanataka kupasuka."

"Tumwendee sasa hivi!" Fatouma alikuwa amesimama, ana ndagala ngumi nzima.

"Tumwendee na nini?" akasema Mahmudu. "Bulu moja kwenye telefone yenye ufa? Mabati ya bulu iko mengi Burundi. Atasema tumemtukana, na Bibi anahamia machinjio leo, hangoji Jumamosi."

Hapo alikuwa na haki. Nikafikiri. Mi sina cheo, lakini nimeishi na mume mwongo na nikamzika tukiwa tumepatana; waongo nawajua. Mwongo ukimwuliza alichoiba, atakuapia mpaka mate yakauke. Ila ukiisema vibaya kazi ya mikono yake, hapo hawezi kuvumilia.

"Hatumwulizi kitu," nikasema. "Tutaongea ng'ombe. Mi nikianza, nyie fuateni. Na we Sanifu, we unasema kweli sana. Leo nyamaza."

Hakuchelewa. Prezida Houssein hupita kila asubuhi kuangalia soko lake, koti la suti juu ya kanzu, tumbo mbele kama tarishi.

"Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam, Prezida! Karibu, karibu. Fatouma, msogezee samaki mbali."

Akakaa pale pale chini ya tundu, jua likamwangukia kichwani.

"Bibi, umeanza kufunga vitu vyako?"

"Nafunga, Prezida. Machinjio ni pazuri. Nitapata wateja wenye pembe."

"Vizuri. Na hii habari ya filamu, nisisikie mtu anaichochea hapa. Ni filamu mbaya."

"Umeiona?" akauliza Shafii.

"Mi? Wallahi sijaiona hata kipande! Hata sura ya huyo mwami siijui."

"Sasa ulijuaje ni mbaya?"

"Kiongozi hahitaji kuona. Kiongozi anaambiwa."

"Eti waliipiga Nyarusange," akasema Mahmudu, akilamba uzi.

"Nyarusange?" Prezida akajipapasa tumbo. "Mi huko sijafika tangu tumzike mama. Barabara imekufa kabisa. Hata sijui kama nyumba bado imesimama."

"Na mabati yetu, Prezida?" nikauliza kwa unyenyekevu wote niliobakiwa nao.

Akaangalia juu, tunduni. "Iko njiani. Kobero wanatafuta muhuri."

Fatouma akaingiza kichwa ndani ya kapu. Mabega yalikuwa yanatetemeka.

"Bon, tuachane na hayo," nikasema. "Tuongee ng'ombe."

"Ndiyo, Bibi, hapo umesema. Ng'ombe ni salama." Prezida akavuta kikombe, uso ukamlegea.

"Maana Sanifu alikuwa anatuhadithia zizi moja aliloliona safarini. Zizi lilikuwa bovu! Mtu aliambiwa ajenge ugo wa heshima, ugo wa mwami, akajenga kitu cha aibu."

"Matete yamepinda kama meno ya mlevi," akasema Mahmudu.

"Kamba zinaning'inia," akasema Shafii. "Hata kuku hawezi kukaa."

"Gitega ukumbi mzima walicheka," nikasema. "Si walicheka, Sanifu?"

"Hapana, Bibi," akasema Josephat, amesahau, "kwa kweli waliusifia sana ule..." Fatouma akamkanyaga. Macho yakamtoka. "Aa! Walicheka. Walicheka kupindukia. Kuna waliobebwa."

Prezida akaweka kikombe chini. Akakichukua tena.

"Hayo matete ni ya wapi?"

"Sijui," nikasema. "Labda ya kwenye mtaro."

"Mtaro gani! Yale ni ya Ruvubu!" Akajikohoza. "Yaani... matete mazuri kwa kawaida hutoka Ruvubu. Kila mtu anajua."

"Kwa kawaida, ndiyo. Lakini yule mwenye zizi ni mvivu, sijaona. Watu wamekuja kwake na kamera, wamempa heshima, nyumba yake imegeuka makao ya mwami. Na yeye? Mabati yake yote nje! Yanang'aa nyuma ya ugo, nchi nzima inayaona! Hata jani moja la mgomba hakufunikia. Hata jani moja, Prezida. Mama yake angekuwa hai angelia."

Mshipa ukasimama kwenye paji la uso wake. Mashine ya Mahmudu ikanyamaza yenyewe.

"Hata jani moja?"

"Hata moja."

"Nani kasema hata moja?" Alikuwa wima, chai inamwagika kwenye kanzu. "Nilifunika mwenyewe! Kwa mikono hii! Nilikata migomba mizima, mizuri, yenye matunda, nikayafunika yote mpaka chini! Upepo ukaja katikati ya ngoma, nifanye nini, niukamate? Nikamwambia yule kijana wa filamu, simamisha mashine yako, nirudishe majani! Anasema, hapana mzee, iko sawa, we endelea kuongea tu unavyoongea! Wiki nzima anakula kwangu, anacheka kila nikifungua mdomo, anaandika, kumbe ananiibia maneno anampa mwami wake! Na tumbo! Hata tumbo langu amempa! Nimekaa pale ukumbini Gitega, mstari wa mwisho kabisa, nyuma ya mama mwenye kilemba, naona tumbo langu linatawala!"

Ndagala moja ilianguka kutoka kapuni. Tuliisikia.

Prezida akatuangalia mmoja mmoja. Akamwangalia Mahmudu, Mahmudu akaangalia uzi. Akamwangalia Josephat, Josephat bado anashika mguu wake. Akaniangalia mimi, nikampanguzia kikombe kwa upole. Kisha akainua macho juu, mahali pa mabati yake, na kulikuwa na wingu jeusi linaingia taratibu kutoka Mwakiro. Mkono ukaenda tumboni, ukakumbuka, ukashuka.

"Mi..." akasema, "mi nilikuwa naongea ng'ombe tu."

"Tumeelewa, Prezida," akasema Fatouma, akiokota samaki wake. "Basi Jumamosi utuletee hao ng'ombe wa bulu, na misumari, tuwapandishe pale juu ya kichwa cha Bibi. Halafu tuangalie filamu bila kuloa."